Uliza karatasi

Maneno tuliyowaambia vijana wa Masisi na Walikale wanaoishi Goma, mbele ya kwenda likizo. Desemba 2020.

Tunajua wengi wenu mna safari. Kuna watakaopita Sake na kupanda hadi Masisi penyewe, kuna wa Kitchanga na Mweso, na kuna ninyi wa Walikale ambao hamjui hata kama mtafika mbele ya Noeli, juu ile barabara na matope yake mnaijua kutuzidi.

Tumewaita kwa jambo moja. Kila mara mkifika nyumbani, watu wanawauliza maswali. "Weye uko unasoma Goma, tuambie, hii ni sawa?" Mtoto wa jirani ako kasho. Mjomba ameambiwa atoke kwenye shamba alilolima miaka 20. Mama amelipishwa pesa ambayo haijui hata jina. Na sisi tulio na simu na masomo, mara nyingi tunajibu: "Eeh, Kongo njo hivyo." Tunaomba mwaka huu lile jibu libaki hapa Goma.

Sisi si maavoka, tuseme wazi. Lakini tumekaa na maavoka, na wenzetu wamelala kasho zaidi ya mara moja kwa sababu ya kuandamana. Ukiwa ndani mle unapata muda wa kuongea na watu. Unauliza: "Weye umefungwa juu ya nini?" Huyu anasema deni. Yule anasema walimtafuta kaka yake, hawakumpata, wakamchukua yeye. Wa tatu hajui. Unauliza tena: "Kuna karatasi walikuonyesha?" Hakuna. Hata mmoja. Pale njo tulianza kuelewa kwamba shida ya huku kwetu si ukosefu wa sheria. Sheria ziko, zingine nzuri kabisa. Shida ni kwamba mambo yanafanywa kwa mdomo, na jambo la mdomo halina mwenyewe. Kesho kila mtu anakana.

Tuanze na kasho basi, maana huko watu wananyonywa kila siku.

Katiba yetu ni ya tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 18, kwa maneno yetu, kinasema hivi: mtu akikamatwa, lazima aambiwe palepale kwa nini amekamatwa, na kwa lugha anayoielewa. Si Kifaransa kama hajui Kifaransa. Kihunde, Kinyanga, Kinyarwanda, Kiswahili, ile anayoielewa. Lazima aambiwe haki zake. Ana haki ya kuwasiliana na familia yake ama avoka wake bila kungojeshwa. Na polisi hawawezi kumweka kupita saa 48. Saa 48 zikiisha, ama anaachiliwa, ama anapelekwa mbele ya wenye kazi ya sheria, maana yake parke. Njia ya tatu hakuna. "Rudini Jumatatu, mukubwa amesafiri" haimo katika Katiba.

Polisi watawaambia parke iko mbali. Ni kweli, ukiwa Pinga ama Ntoto parke iko mbali sana. Lakini umbali ni sababu ya kuanza safari mapema, si sababu ya kumsahau mtu ndani.

Jueni pia nani anafungua dosie ya mtu. Ni OPJ, ofisa wa polisi anayefanya kazi ya mahakama. Si kila mwenye sare ni OPJ. Yeye anaandika PV, yale maelezo unayotoa, na anafanya kazi chini ya parke. Mkubwa wake katika kazi hiyo ni mwendesha mashtaka, si komanda wa hapo kijijini. PV ikiandikwa, usomewe mbele ya kutia sahihi. Kama kuna neno hukulisema, sema liondolewe. Kama hujui kusoma, ndiyo sababu zaidi ya kuomba usomewe polepole. Na ukikataa kutia sahihi, hilo nalo linaandikwa. Kukataa si kosa.

Wa parke akiona kuna sababu, anaweza kutoa karatasi ya kukamata kwa muda, ambayo ni ya siku 5, na ndani ya siku hizo lazima umfikie hakimu. Hakimu akikubali ubaki ndani, anatoa siku 15 za kwanza, halafu inaongezwa mwezi kwa mwezi, na kila mara ni kwa karatasi. Mnaona? Kila mlango wa gereza una karatasi yake. Familia ikiuliza tu, "Leo ako ndani kwa karatasi gani, ya tarehe gani?", tayari wale wa ndani wanajua kwamba kuna mtu anahesabu.

Sasa yule aliyechukuliwa badala ya kaka yake. Kwetu jambo hili limekuwa kama mila: mwizi amekimbia, wanafunga mama yake. Kijana ametoroka na msichana, wanafunga baba. Kifungu cha 17 kinasema mtu anajibu kwa kosa lake mwenyewe, na hakuna wa kukamatwa ama kufungwa kwa tendo la mwingine. Hakuna "tutamshika huyu mpaka yule arudi". Huo ni utekaji wenye muhuri, na kumkamata mtu bila haki ni kosa ndani ya kitabu cha sheria za adhabu, kifungu cha 67, hata kama aliyekamata ni mtu wa serikali.

Tuje kwenye deni. Hapa tunaomba mtusikilize vizuri, maana nusu ya maswali mtakayoulizwa yatatoka hapa.

Mwenzetu mmoja, mtoto wa Masisi, alichukua maharagi kwa mkopo kwa mchuuzi ili ayauze hapa Goma. Gari likakwama siku nyingi, mvua ikaingia, maharagi yakaoza. Mchuuzi alitaka pesa yake, na ni haki yake, hatumlaumu kwa hilo. Lakini hakwenda mahakamani. Alienda kwa polisi. Mwenzetu akalala kasho siku 6. Siku ya sita familia iliuza mbuzi, wakatoa pesa ya kutoka, wakatoa na pesa ya miguu ya askari waliomkamata. Hawakupewa karatasi yoyote. Na sikieni: deni lilibaki vilevile! Pesa ya mbuzi haikumfikia mchuuzi. Baada ya wiki chache mchuuzi alirudi polisi, na mwenzetu akashikwa tena.

Mara ya pili shangazi yake alikuwa amepata mtu wa kumwambia. Alikuja na daftari la shule la mtoto wake. Akaandika mbele yao: siku, saa aliyokamatwa, jina la aliyemkamata, jina la aliyempokea. Akaomba kuona PV. Akasema kwa upole kabisa kwamba hatoi faranga hata moja bila risiti, na kwamba zikitimia saa 48 ataandikia parke. Mmoja alimcheka: "Mama, weye njo avoka sasa?" Akajibu: "Hapana, baba, mimi ni mama yake mdogo." Jioni ile mtoto alitoka. Waliandikiana na mchuuzi, mbele ya mashahidi, alipe kidogokidogo kila mwezi. Amemaliza kulipa mwaka jana.

Hatusemi daftari ni dawa. Tunajua watu walioandika vizuri na bado wakapigwa. Tunasema tu kwamba tofauti ya mara ya kwanza na ya pili haikuwa pesa wala mtu mkubwa wa kupigia simu.

Deni peke yake si kosa la jinai. Nchi yetu iliukubali mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na za kisiasa tangu 1976, na kifungu chake cha 11 kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza makubaliano. Mdai anajua hilo, ama polisi wanalijua kwa niaba yake, kwa hiyo deni linabadilishwa jina. Wataandika abi de konfiansi, kwamba ulipewa kitu kwa uaminifu ukakila. Ama wataandika eskrokeri, utapeli. Hayo ni makosa kweli, na mwenye kuyafanya afungwe. Lakini lazima kuwe na hila, ama kitu ulichopewa kukitunza ukakigeuza chako. Maharagi kuoza si hila. Ukiitwa kwa deni, nenda, usikimbie, na sema sentensi moja: "Ni deni, nalikubali, niko tayari kulipa kidogokidogo, na jambo hili ni la mahakama ya madai." Halafu omba sentensi hiyo iandikwe katika PV.

Kuhusu pesa polisini, tufupishe. Kutoka kasho hakulipiwi. Kuna faini ambayo OPJ anaweza kupendekeza kwa makosa madogo ili dosie iishe, lakini inaingia kwenye sanduku la Serikali, na inaandikwa. Kuna dhamana ambayo mwenye kazi ya sheria anaweza kudai ili mtu akajitetee akiwa nje, nayo inatolewa risiti kwa sababu ni pesa ya kurudishwa. Pesa isiyo na risiti haina jina lingine, ninyi mnalijua.

Sasa tuseme ukweli unaotuhusu sisi wenyewe. Sehemu kubwa za Masisi na Walikale polisi hawaonekani, wanajeshi ndio wanaoonekana. Kwa hiyo tumezoea. Mbuzi amekula mihogo ya jirani: twende kwa komanda. Shemeji amenitukana: twende T2. Hakuna aliyetulazimisha, sisi njo tunawapelekea wenzetu wafungwe kwenye shimo, halafu mwezi ujao wenzetu wanatupeleka sisi. Kifungu cha 156 cha Katiba kinasema mahakama za jeshi ni kwa makosa ya wanajeshi na polisi. Ofisi ya upelelezi ya jeshi si mahali pa kuamua ugomvi wa mpaka wa shamba. Ukifika nyumbani ukamkuta ndugu yako anataka kumpeleka jirani T2, mzuie. Mwambie kuna chefu wa kijiji, kuna OPJ, kuna tribinali ya amani. Hata wazee kwenye baraza ni bora kuliko shimo.

Na barieri? Mwaka 2017 watafiti walihesabu barieri za Kivu ya Kaskazini na ya Kusini, wakapata karibu 800. Kifungu cha 174 kinasema kodi haiwezi kuwekwa ila kwa sheria. Ile "lala salama" inayolipwa ili mtu asiuawe usiku si kodi. Jetoni ya kila mwezi inayouzwa na wenye bunduki, ambayo usipokuwa nayo unafungwa, si kodi. Kazi ya kubeba mizigo yao wanayoiita salongo si salongo.

Lakini hapa hatuwaambii muulize karatasi. Tunataka mwaka 2021 tuwaone hapa mkiwa wazima. Tangu mwezi wa Julai, NDC-R ilipogawanyika, watu wa Pinga na wa Masisi wanajua barieri moja inaweza kubadilisha mwenyewe mara mbili kwa wiki. Kijana mlevi mwenye silaha haelewi kifungu cha 174. Lipa, pita, fika. Usiandike kitu pale, usipige picha, simu wanazifungua. Ukifika mahali salama ndipo uandike: mahali, siku, saa, sare gani, kiasi gani. Ila kama ni mtu wa huduma ya Serikali, mchana, mbele ya watu, anakuambia lipa hii na hii, muulize kwa heshima risiti na jina la kodi. Haki si ukaidi, na kila mmoja wenu anajua kutofautisha sura ya mtu anayeweza kuulizwa na ya yule asiyeweza.

Udongo. Tungeweza kukaa hadi usiku.

Sheria ya udongo ni ya tarehe 20 Julai 1973. Inasema udongo wote ni mali ya Serikali, na raia anapewa haki ya kuutumia, konsesyo, inayothibitishwa na sertifika ya uandikisho. Sasa babu yako wa Osso ama wa Bashali hana sertifika. Alipewa na mwenye kijiji, kwa mila, akatoa alichotoa, na majirani walishuhudia. Sheria ileile ya 1973 ilimkumbuka: kifungu cha 389 kilisema haki za watu wa aina yake zitapangwa kwa amri ya Rais. Ni miaka 47. Amri bado haijatoka. Marais wamepita, vita vimepita, babu amekufa akiwa anangojea.

Na wakati huohuo, mashamba ya wazungu ya Masisi yaliingia mikononi mwa watu waliokuwa karibu na utawala, mwaka huohuo wa 1973 Mobutu alipotangaza kuwapa wazalendo mali za wageni. Milima ikageuka majani ya ng'ombe. Ndiyo maana leo unamkuta mama anafanya siku kadhaa kila wiki kwenye shamba la mwenye konsesyo, na yeye apewe kipande cha kulima maharagi yake. Hiyo nayo wanaita salongo. Imeandikwa wapi? Hakuna mahali. Maharagi yakikaribia kukomaa, gerente anasema ng'ombe wanaingia kesho.

Usidhani basi kwamba asiye na sertifika hana kitu. Kifungu cha 34 cha Katiba kinalinda mali iliyopatikana kwa sheria ama kwa mila. Ugomvi wa udongo wa mila, wa mtu mmoja ama wa ukoo, unasikilizwa na tribinali ya amani, kwa sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 inayopanga mahakama, na pale mila inapotumika hakimu anakaa pamoja na wazee wanaoijua. Ushahidi wa majirani unahesabiwa. Miti iliyopandwa inahesabiwa, makaburi pia.

Jambo ambalo watu wetu wanakosa ni wakati. Kabla mtu hajapewa konsesyo kijijini, sheria inataka uchunguzi: watumishi wa udongo waje mahali penyewe, waangalie mipaka, waandike nani anaishi na nani analima, wasikilize wenye malalamiko. Mara nyingi uchunguzi huo unafanywa mezani, mjini. Lakini siku nyingine wanakuja kweli, na vijiti vyao na kifaa cha kupima, na watu wanawatazama tu, ama wanakimbia wakidhani ni mambo ya vita. Ile siku ndiyo siku ya kusema! Uliza wametumwa na nani, wanapima kwa jina la nani. Omba malalamiko yenu yaandikwe. Andikeni barua ya kupinga, majina na vidole vya wote, ipelekwe ofisi ya udongo, na nakala mpigiwe muhuri wa kupokea. Maana sertifika ikishatoka na ikapita miaka 2 bila mtu kuipinga, kuigusa ni kazi ngumu sana. Tunawajua watu waliolima kwa amani miaka 10 juu ya udongo ambao tayari ulikuwa wa mwingine kwenye karatasi, na hakuna aliyewaambia.

Na yule mama wa salongo: mwandikieni. Ninyi mnajua kuandika. Kipande kina hatua ngapi, siku ngapi za kazi, mwanzo lini, mwisho baada ya mavuno gani, mashahidi wawili wa kila upande. Gerente akitia sahihi, vizuri. Akikataa, mama amejua tangu leo anashughulika na mtu gani.

Anayenunua udongo naye asitosheke na karatasi ya mauzo yenye muhuri wa chefu. Karatasi hiyo ni mwanzo tu. Amuombe muuzaji namba ya sertifika, aende nayo ofisi ya udongo aulize iko kwa jina la nani. Wako watu Sake waliouziwa kiwanja kimoja mara tatu.

Kuna jambo moja ambalo halina mapatano. Tarehe 23 mwezi uliopita, hapa Goma, mahakama ya kijeshi ilimhukumu Ntabo Ntaberi Sheka kifungo cha maisha. Wa Walikale mnajua tunasema nini. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, kwenye njia ya Kibua hadi Mpofi, vijiji 13, Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa: wanawake 300, wanaume 23, wasichana 55, wavulana 9. Karatasi ya kumkamata ilitoka Januari 2011. Mwaka uleule alikuwa kandida wa ubunge, picha zake zikiwa ukutani. Alijitoa Julai 2017, kesi ikaanza Novemba 2018, hukumu imefika juzi. Miaka 10. Hatuwezi kuwaambia hiyo ni haki ya haraka. Lakini ilifika kwa sababu kuna watu, wanawake hasa, waliokubali kutaja siku, mahali na sura, na kuvirudia mbele ya majaji baada ya muda wote ule.

Sasa fikirini msichana wa kijijini aliyebakwa na jirani, si na kundi la silaha. Familia mbili zinakaa, mbuzi wawili na jerikani ya kasiksi, jambo limekwisha. Wakati mwingine anaozwa kwa huyohuyo. Sheria za tarehe 20 Julai 2006 juu ya ubakaji hazikubali OPJ amalize dosie hiyo kwa faini, na chefu hana ruhusa ya kuisuluhisha. Na tangu 2016 hakuna ndoa chini ya miaka 18, mwanamke wala mwanaume. Mkisikia jambo kama hilo, la kwanza si polisi, la kwanza ni hospitali, ndani ya saa 72, juu ya dawa za kuzuia ukimwi. Muganga aandike alichokiona. Nguo zisifuliwe. Karatasi ya muganga itunzwe na mtu ambaye baba wa familia hawezi kumnyang'anya. Mtatuelewa.

Madogo mawili kwa haraka. Mtoto akizaliwa, kumwandikisha ni bure ndani ya siku 90. Zikipita, inabidi hukumu ya mahakama, na hapo gharama zinaanza. Ukiwa na mdogo wako aliyezaliwa Oktoba, nenda naye kabla ya kurudi Goma. Na shule ya msingi ya Serikali ni bure, kifungu cha 43, na tangu Septemba 2019 Serikali imesema inakitekeleza. Mwalimu asipolipwa ni kosa la Serikali, lakini mtoto kufukuzwa darasani si jibu lake.

Mtauliza: avoka analipwa na nani? Sheria inayowahusu maavoka, ya 1979, inawataka kuwa na ofisi ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo. Ya baro yetu iko hapa Goma. Mtu anaenda kwanza ofisi ya mambo ya kijamii kuomba karatasi ya kutokuwa na uwezo, na karatasi hiyo inamsaidia pia kuomba asilipishwe gharama za mahakama. Kuna na watetezi wa mahakama, wasio maavoka kamili lakini wanaruhusiwa kusimama na mtu, na bei yao ni ndogo. Yote hayo yako mbali na Katoyi, tunajua. Ndiyo sababu mmeitwa ninyi. Ninyi ndio mnaokwenda na kurudi. Barua inayokaa kijijini miezi 3 bila wa kuileta inaweza kuwa ndani ya mfuko wako tarehe 4 Januari.

Pale mlangoni kuna madaftari, si mengi, mmoja kwa kila kijiji. Ukurasa wa kwanza tumeandika kifungu cha 17 na cha 18 kwa Kiswahili. Kama kuna anayeweza kuviandika kwa Kihunde, Kinyanga na Kinyarwanda, abaki na sisi nusu saa baada ya hapa, tunamhitaji. Kurasa zingine ni wazi.

Haya, maswali. Yule kaka wa Kashebere ameinua mkono tangu tulipotaja T2, tuanze naye.